Siku Chuo Kikuu Kilipopima Mahindi ya Muthoki

Muthoki hakuwahi kununua gunia kwa kuangalia mdomo wake. Soko zima la Mukuyuni lilijua hivyo. Ukimletea mahindi au ndengu, hata uwe shemeji yake, hata uwe umetoka kuomba naye kanisani asubuhi hiyo hiyo, alichomoa bambo lake mkobani, kile chuma chembamba chenye ncha na mfereji katikati, akakichoma ubavuni mwa gunia na kuacha punje ziteleze hadi kiganjani. Alizinusa, akauma moja, akataja bei. Au alisema tu, "Rudi nayo." Watu walimwita Mama Bambo, naye aliitika.

Kazi hiyo aliisomea. Alikuwa na diploma ya uhifadhi wa nafaka, miaka miwili ya chuo, na cheti chake kilining'inia kwenye ukuta wa stoo, juu ya mizani. Alipoolewa Mukuyuni kutoka Matinyani, alikuja na sanduku la nguo na cheti hicho. Nguo zilishaisha. Cheti kilikuwa bado kinafanya kazi.

Kwa hiyo binti yake Kavindu alipopata B- kwenye mtihani wa kidato cha nne, Muthoki hakuona kitu cha kujadili. Kavindu angekwenda chuo kile kile, asome kozi ile ile, na baada ya miaka miwili arudi kushika upande mmoja wa mizani. Kilonzo, baba yake, aliyekuwa Kibwezi akisimamia shamba la nyanya, alipigiwa simu akasema, "Amueni huko, mimi nitakubali." Ndivyo alivyosema siku zote.

Kavindu hakukubali. Alitaka shahada ya usalama wa chakula katika chuo kikuu kimoja cha Nairobi, miaka minne, na jina la chuo hicho alilitamka kama mtu anayetaja nyumba ambayo tayari ana ufunguo wake.

"Miaka minne kujua chakula kibaya?" Muthoki aliuliza. "Mimi najua kwa dakika moja."

"Wewe unajua kilichooza, mwaitu. Mimi nataka kujua kile ambacho hakijaonekana," Kavindu alimjibu mama yake, akimwita mwaitu kwa Kikamba.

"Kama hakionekani, watakuonyesha nini miaka minne?"

Tovuti ya kuchagua kozi ilikuwa ifungwe Ijumaa saa kumi na moja jioni. Kubadilisha chaguo kulihitaji namba ya siri, na kila Kavindu alipoiomba, namba hiyo iliingia kwenye simu ya mama yake. Alikuwa ameiomba mara tatu juma hilo. Mara zote tatu Muthoki aliisoma, akaifuta, akaendelea kuchambua ndengu.

Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba chuo hicho hicho cha jiji kitakuja Ijumaa, kwenye ukumbi wa kanisa, kueleza vijana na wazazi kile kinachotoa. Mwenye mahindi alete kilo moja, wahadhiri watayapima sumu ya ukungu bila malipo.

Muthoki alimgeukia binti yake pale pale kwenye benchi. "Vizuri. Wamejileta wenyewe. Tutawachoma ubavuni tuone kinachotoka. Kikiwa kizuri, nitakupa hiyo namba. Kikiwa kibaya, Jumatatu tunakwenda chuoni kwangu kuchukua fomu ya diploma, na sitaki kuona uso umekunjwa."

"Ni ahadi?"

"Umewahi kuniona nikitaja bei halafu nikaibadilisha?"

Ijumaa asubuhi Muthoki aliingia stoo mapema. Kwenye ukuta wa mbali yalisimama magunia yake manane, yale maalumu yenye mfuko mzito wa plastiki ndani usiopitisha hewa. Yalikuwa mahindi ya shule ya sekondari ya bweni, yaliyokuwa yapelekwe Jumatatu wanafunzi wakifungua shule. Alichoma gunia la tatu kwa bambo, akajaza kikopo, kisha akanyoosha mkono bila kugeuka. Kavindu akampa kipande cha selotepu, naye akaziba tundu. Walifanya hivyo kila Jumamosi tangu mavuno. Muthoki hakuwa mtu wa kuweka mali miezi mitano bila kuikagua.

Mahindi hayo akayafunga kwenye mfuko mweupe. Kwenye mfuko wa buluu akatia mahindi mengine aliyoyakataa juma lililopita, mwenyewe akayatelekeza mlangoni, yaliyokuwa na harufu ya godoro lililonyeshewa.

"Mweupe ni mazuri, wa buluu ni mabaya," alimwambia Kavindu. "Wewe unajua, mimi najua. Wao wasijue. Tutaona kama shahada inajua."

Ukumbini kulikuwa na bango refu lenye picha za vijana wakicheka juu ya ngazi. Bwana Nyamai, ofisa wa kuandikisha wanafunzi, alivaa suti ya kijivu na alikuwa na sauti ya kutangaza mshindi. Aligawa vijitabu. Maktaba ya ghorofa nne. Intaneti kila kona. Hosteli. Vilabu thelathini na viwili vya wanafunzi. Bwawa la kuogelea.

"Bwawa la nini?" Muthoki aliuliza kutoka safu ya pili. "Anakwenda kusomea chakula au anakwenda kuwa chakula cha mamba?"

Watu wakacheka. Nyamai naye akacheka, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake. "Mama, mwili wenye afya, akili yenye afya."

"Na maabara? Kijitabu kinasema 'za kisasa'. Kisasa ni ngapi?"

"Za kutosha, mama."

"Za kutosha nani?"

Kasiva, aliyekuwa na duka la unga mkabala na stoo ya Muthoki, akamvuta kitenge. "Keti chini, Mama Bambo. Mtu amevaa tai, unamtoboa hivyo?"

"Tai ndiyo mdomo wa gunia," Muthoki alisema, lakini akaketi.

Kwenye meza ya pembeni alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa hijabu ya kahawia na koti jeupe la maabara. Alikuwa akipanga vichupa, mashine ndogo ya kusaga na saa ya kuhesabu dakika. Nyamai alimtambulisha kuwa ni Daktari Intisar, mhadhiri wa usalama wa chakula, na Intisar akasema kwa ufupi kwamba amezaliwa Garissa, baba yake aliuza ng'ombe, na kwamba yeye angependa kuona mahindi kuliko kuzungumza.

Muthoki aliweka mifuko yake miwili mezani ya kwanza kabisa.

Intisar alisaga, akapima, akamimina dawa, akatikisa, akachuja. Kisha akatumbukiza vijikaratasi viwili vyembamba na kuwaambia watu wasogee. "Tunasubiri dakika tano. Ikitokea mistari miwili, mahindi yako chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Ukitokea mstari mmoja, sumu imezidi."

"Aiya!" Kasiva alipaza sauti. "Hiyo sisi tunaijua. Lakini kwetu mistari miwili ndiyo shida!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mchungaji akaangalia dari. Hata Intisar aliziba mdomo kwa mkono.

Saa ikalia. Mfuko wa buluu ulikuwa na mstari mmoja. Muthoki akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu alilotarajia. Kisha akaangalia mfuko mweupe.

Mstari mmoja.

Alikiinua kijikaratasi kile, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakirudisha. Wala hakuhisi hofu. Alichohisi ni kile anachohisi akimnasa mchuuzi aliyetia mawe katikati ya gunia.

"Haya," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Watu wa Mukuyuni, nimewaletea hawa mifuko miwili. Huu wa buluu ni takataka, niliikataa mwenyewe. Huu mweupe umetoka kwenye stoo yangu, mahindi ambayo nimeyakagua kila Jumamosi tangu mavuno. Mashine yao inasema yote ni sawa. Hiyo si mashine, hiyo ni kasuku. Inasema neno moja tu."

Watu walinung'unika upande wake. Wengi wao walikuwa wamemuuzia mahindi, na kama mkono wa Mama Bambo haukujua, basi hakuna aliyejua. Nyamai akasogea haraka na kumnong'oneza Intisar kitu, pengine kwamba waendelee na sehemu ya hosteli. Muthoki aliangalia saa ya ukutani, saa nne na nusu, akamwangalia Kavindu. Msichana alikuwa amekaa wima, macho kwenye vile vijikaratasi, midomo imebanwa. Muthoki alimwonea huruma kidogo. Lakini bei ilikuwa imetajwa.

Intisar hakumjibu Nyamai. "Mama ana haki," alisema. "Chombo kinachosema neno moja hakifai. Tukipime chombo. Nani mwingine ana mahindi ya nyumbani?"

Kasiva akainua mfuko wa sukari uliojaa nusu. "Mimi ninayo, lakini msinicheke. Mimi hata sikagui. Nilifunga gunia langu mwezi wa tatu nikalisahau mpaka leo asubuhi."

"Huyo!" Muthoki alisema. "Pima hayo. Nimemwambia mara mia kwamba ataamka siku moja akute unga wa wadudu. Gunia kama langu, duka moja, siku moja tulinunua. Mimi naangalia, yeye analala."

Dakika tano zile zilikuwa ndefu. Kasiva alizitumia kuomba msamaha mapema kwa kila mtu aliyewahi kula ugali kwake.

Mistari miwili. Wazi, myekundu, imenyooka.

Kasiva alifungua mdomo, akamwona rafiki yake usoni, akaufunga tena, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona akifanya hivyo.

Muthoki alisimama na mkono wake juu ya mkoba, juu ya bambo. Magunia mawili yanayofanana. Lililokaguliwa lina sumu, lililosahauliwa ni safi. Akatafuta maelezo na hakuyapata, na kutoyapata kulimuuma kuliko mstari wenyewe.

"Daktari." Ilikuwa sauti ya Kavindu. Alikuwa amesimama. "Yale magunia yanafanya kazi kwa sababu hewa haiingii, sivyo? Wadudu waliomo ndani wanakosa pumzi."

"Ndivyo."

"Na kama limetobolewa?"

"Tundu kubwa?"

"La bambo. Halafu linazibwa na selotepu. Halafu Jumamosi nyingine linatobolewa tena."

Intisar alimtazama msichana, kisha akamtazama mama. "Mara ngapi?"

"Miezi mitano, kila Jumamosi," Kavindu alisema. Sauti yake ilitetemeka kidogo lakini haikukatika. "Mimi ndiye ninayekata selotepu."

Kama angekuwa mtu mwingine, Muthoki angemwambia akae chini. Lakini alisikia jinsi swali lilivyoulizwa. Halikuulizwa kumwaibisha mtu. Liliingia ubavuni na likatoka na kitu. Yeye mwenyewe angeliuliza vivyo hivyo, kama angelijua.

Akavaa mkoba begani. "Stoo yangu iko hatua mia kutoka hapa," alisema. "Twendeni tukaangalie, tuache kubahatisha."

Nusu ya ukumbi ilimfuata. Nyamai alibaki mlangoni na vijitabu vyake, kisha naye akafuata.

Muthoki alilaza gunia la tatu kwa mikono yake, akachukua kisu na kulipasua kutoka juu hadi chini. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mahindi yakamwagika kwenye turubai. Mengi yalikuwa meupe na makavu. Lakini nyuma ya kila kipande cha selotepu, ndani kabisa, palikuwa na bonge la ukubwa wa ngumi, la kijani na kijivu, limeshikana, na fukusi wakitembea juu yake bila haraka.

"Hewa iliingia hapa," Intisar alisema, akichuchumaa. "Fukusi wakapumua. Wakila, wanatoa joto na unyevu. Ukungu unataka hivyo viwili tu. Mbali na matundu, huenda ni safi kabisa, na ndiyo maana pua haikujua. Bambo lilipita kwenye bonge dogo na kulichanganya na mahindi mazuri. Harufu ikapotea. Sumu haikupotea, na haina harufu."

"Kwa hiyo ni mimi," Muthoki alisema.

"Ni hewa, mama."

"Hewa haina mikono. Ni mimi." Alisema hivyo kama anavyotaja uzito. "Chuo walinifundisha gunia la katani. Hilo ukilitoboa, haliumii. Haya yalipokuja, hakuna aliyenifundisha upya, na mimi sikuuliza. Nilidhani nimemaliza." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Jumanne tulipika muthokoi, mahindi haya haya yaliyokobolewa. Niambie ukweli."

"Mlo mmoja hautawaangusha. Sumu hii huharibu ini polepole, kwa anayeila kila siku. Acheni leo."

"Kama mtoto wa bweni."

"Ndiyo. Kama mtoto wa bweni."

Muthoki alitoa simu, akampigia mwalimu mkuu mbele ya watu wote, akamwambia Jumatatu hakuna mahindi, atafute kwingine, na sababu atamweleza uso kwa uso. Mtu mmoja nyuma alisema si lazima amwage yote, hata kuku wangekula. Muthoki akamgeukia. "Na yai atakula nani?" Yakazungumzwa mashimo ya kuyafukia, marefu, mbali na kisima.

Kisha akamvuta Intisar kando, karibu na mizani, chini ya cheti chake.

"Sasa zamu yangu. Usinipe kijitabu. Maabara yenu ina meza ngapi?"

"Ishirini."

"Na darasa la mwaka wa kwanza lina watu wangapi?"

Nyamai, aliyekuwa amesogea, alikohoa. Intisar hakumwangalia. "Mwaka jana walikuwa sitini na wawili. Wanaingia kwa zamu tatu. Zamu ya mwisho hutoka jioni, na Alhamisi maji hukatika, kwa hiyo tunajaza mitungi Jumatano."

"Anashika chombo mwenyewe, au anatazama mwenzake akishika?"

"Nisipomwona akishika, hapiti."

"Hosteli?"

"Mwaka wa kwanza tu. Baada ya hapo anatafuta chumba nje."

"Na hilo bwawa?"

"Tangu niajiriwe sijaliona na maji."

Nyamai alifumba macho. Muthoki akacheka, kicheko kifupi kilichotoka tumboni, cha kwanza tangu asubuhi. Miaka yote hiyo sokoni, aliyemuuzia vizuri ni yule aliyesema mwenyewe, hapa chini kuna punje zilizovunjika. Huyo ndiye ambaye Muthoki alirudi kununua kwake.

"Na akimaliza," aliuliza, "atajua kitu ambacho wewe hujui?"

"Kama tukifanya kazi vizuri, ndiyo," Intisar alisema. "Leo ameuliza swali ambalo mimi nilikuwa sijalifikiria. Mimi ningelaumu paa, kwamba linavuja."

Muthoki aliangalia upande wa turubai. Kavindu alikuwa amepiga magoti kwenye mahindi. Hakuwa akilia wala kusubiri. Alikuwa amechukua chaki ya kuandikia bei na alikuwa akichora mduara kuzunguka kila tundu kwenye plastiki iliyopasuliwa, akiandika tarehe za Jumamosi alizozikumbuka, kuona bonge lipi ni la zamani na lipi ni jipya.

"Kavindu!"

"Ee, mwaitu."

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro robo."

"Omba hiyo namba."

Msichana aliinuka na chaki mkononi. Hakuuliza namba gani. Aliomba kwa simu yake, na sekunde chache baadaye simu ya Muthoki ikalia kwenye mfuko wa kitenge. Muthoki alivaa miwani, akanyoosha mkono mbali na uso, akasoma kwa sauti ile ile anayotaja uzito wa magunia, ili stoo nzima isikie.

"Nne. Sifuri. Saba. Umeandika? Saba nyingine. Mbili. Tisa."

"Imekubali," Kavindu alisema, na sasa ndipo sauti yake ilipokatika.

"Machozi baadaye, magunia saba bado yanangoja kupasuliwa. Na kabla hujakwenda huko Nairobi utaniandikia kwenye karatasi, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, gunia lisilopitisha hewa linatunzwaje. Nitaibandika hapo." Akaonyesha ukuta, pembeni mwa cheti chake.

Kasiva alikuwa ameegemea mlango. Alikuwa amenyamaza tangu ukumbini, na ilikuwa imemchosha. "Na bambo je, mama? Tunalizika nalo kwenye shimo?"

Muthoki alilichomoa mkobani, akalitazama, akalifuta kwenye kitenge na kulirudisha.

"Lizikwe kwa nini? Gunia la katani nitalitoboa hata kesho," alisema. "Haya, shika upande ule, wewe uliyelala miezi mitano. Leo utafanya kazi."